Redio ya Biblia ya sola kwenye nyumba yenye watoto: inapofaa na inapokwama

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Mgongoni kina paneli ya sola, mbele spika, ubavuni tundu la memori kadi, na juu vitufe vitano au sita. Ndani ya kadi kuna Biblia nzima, au Agano Jipya peke yake, linasomwa kwa Kiswahili. Watu wamezoea kukiita redio ya Biblia, hata kama baadhi yake hakina redio. Kinauzwa kwenye maduka ya vitabu vya dini na ya vifaa vya simu, na wazazi wa Mbeya, Njombe na Iringa wanakinunua kwa nia moja: watoto wasikie Neno nyumbani, wasingoje shule ya Jumapili.

Nia hiyo ni njema, na kifaa kinaweza kuisaidia. Ila tuseme mapema tunachokiona: redio ya Biblia inasoma vizuri, lakini hailei. Ikiwashwa dakika 5, ikazimwa, na watu wa nyumba wakaanza kuongea juu ya walichosikia, ni msaada mkubwa. Ikiachwa iongee yenyewe jioni nzima wakati mama anapika na baba anatazama simu, mtoto anajifunza kutoisikiliza Biblia. Anaizoea kama anavyozoea sauti ya mashine ya kusaga ya jirani.

Tuanze na chaji, maana malalamiko ya huku kwetu yanaanzia hapo.

Redio nyingi za aina hii zinatumia betri bapa ya simu za vitufe, ya volti 3.7 na takriban mAh 1,000. Paneli ya mgongoni, kwa udogo wake, mara nyingi haizidi wati 1, na nyingine ni nusu ya hapo. Kwa jua kali la Usangu au Ismani, paneli ya wati 1 itaijaza betri hiyo kwa saa 5 hadi 6. Ya nusu wati itataka siku mbili. Sasa chukua kifaa hichohicho ukipeleke Tukuyu mwezi Machi, au Makete asubuhi ambayo ukungu hauinuki mpaka saa tano. Chini ya wingu zito paneli inatoa sehemu ya tano ya nguvu yake, na mara nyingi chini ya hapo. Betri inayojaa kwa siku moja kule bondeni itataka wiki nzima huku juu, na kila jioni unaitumia. Haitajaa. Wazazi wengi hudhani wameuziwa kifaa kibovu, kumbe kifaa ni kizima na kilichokosekana ni jua.

Kwa hiyo Rungwe, Busokelo, Makete na sehemu kubwa ya Njombe, usinunue redio isiyo na tundu la USB la kuchajia. Itazame kwa macho yako, na jaribu kuchomeka waya wa chaja palepale dukani: tundu linalocheza kushoto na kulia halitamaliza mwaka. Msimu wote wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili na Mei, ichaji kwa umeme au kwa ile sola kubwa ya nyumba. Paneli yake ndogo ihesabu kuwa ni ya kiangazi. Na Juni na Julai jua la huku hupita upande wa kaskazini, basi egemeza redio kwenye jiwe au kizingiti, paneli ikitazama kaskazini, imeinuka kidogo. Ikilazwa chali chini, inapoteza nguvu bure.

Usiianike juu ya bati. Bati la mchana linachoma, na betri za aina hii hazivumilii joto: zinavimba. Dalili ya kwanza ni kifuniko cha nyuma kunyanyuka na kukataa kufunga. Ukiona hivyo, usiitoboe wala usiibane kwa mpira; itoe, umpelekee fundi simu akupe nyingine ya saizi ileile. Ndiyo maana ni vizuri kuchagua redio ambayo kifuniko chake kinafunguka kwa kucha. Zile zilizofungwa kwa gundi, betri ikifa na kifaa kimekufa. Kwa wanaoishi karibu na Kitulo, ambako Juni na Julai usiku unaweza kuganda mpaka majani yakawa meupe, usilaze redio nje ili iwahi jua la asubuhi. Kuchaji betri iliyoganda kunaiharibu moja kwa moja. Ilale ndani.

Jambo la pili ni kadi, na hapa pana kasoro ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Redio za bei nafuu hazisomi majina ya mafaili. Zinacheza kufuata mpangilio ambao mafaili yaliingizwa kwenye kadi. Mtu akinakili Biblia kwa haraka kutoka kompyuta nyingine, utakuta Luka 3 inafuatwa na Luka 17, kisha Yuda. Mtoto anayefuatilia habari za Yesu kwa mpangilio anapotea, na mzazi naye anachoka kubonyeza. Dawa yake ni hii: fomati kadi yote (ifutwe na kupangwa upya) kwa mfumo wa FAT32, yape mafaili majina yanayoanza na namba zenye tarakimu tatu, 001, 002, 003, kisha yanakili upya mara moja, kitabu kimoja baada ya kingine. Mtu yeyote wa steshenari mwenye kompyuta anaweza kukufanyia. Ukubwa wa kadi usikusumbue. Biblia nzima inachukua zaidi ya saa 70 kusomwa, na kwa sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inaenea vizuri kwenye GB 4. Ukiuziwa kadi ya GB 64 kwa maelezo kwamba Biblia ni kubwa, umelipia nafasi usiyoihitaji, na redio nyingine ndogo hazisomi kadi inayozidi GB 32.

Kuna kasoro nyingine ndogo ila inaudhi: baadhi hazikumbuki zilipoishia. Kila ukiwasha zinaanza faili la kwanza. Kwenye kadi ya Agano Jipya, faili la kwanza ni Mathayo 1, na Mathayo 1 inaanza na mistari 17 ya majina ya ukoo. Nyumba ambayo kila jioni inasikia Ibrahimu alimzaa Isaka kabla mtu hajapata kitufe sahihi, watoto wake watasinzia kabla ya kufika Bethlehemu. Jaribu dukani: cheza, zima, ngoja kidogo, washa tena. Ikirudi mwanzo, omba nyingine. Kama umeshanunua, mwambie mtu wa steshenari aiweke Marko iwe ya kwanza kwenye kadi.

Na kwa nini Marko? Kwa sababu ni Injili fupi kuliko zote, sura 16, na kusomwa yote hakuzidi sana saa moja na nusu. Matukio yanafuatana haraka. Sura nyingi zinamalizika kwa dakika 6 au 7, ila sura ya 14 ina mistari 72, hiyo igawe jioni tatu. Ukicheza kipande cha dakika 4 hadi 5 kila jioni, siku 5 kwa wiki, unaimaliza Injili nzima ndani ya wiki 5. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kubeba hilo. Hawezi kubeba mpango wa Biblia nzima kwa mwaka, ambao unataka karibu dakika 12 kila siku bila kukosa, ukiwa na Mambo ya Walawi katikati.

Tatizo ni kwamba vitufe vinaruka sura kwa sura, havijui mistari. Ukitaka Marko 4 kuanzia mstari wa 35, Yesu akituliza dhoruba, inabidi ushikilie kitufe cha kupeleka mbele mpaka upafikie. Weka karatasi ndani ya Biblia ya nyumbani, uandike kila unapopapata: Marko 4, dakika ya ngapi, Luka 15, dakika ya ngapi. Baada ya miezi miwili una orodha ya habari 20 unazozipata kwa sekunde chache, na mtoto mwenye miaka 10 anaweza kupewa kazi ya kuitunza. Kazi hiyo ataipenda.

Sasa tuingie kwenye sauti yenyewe. Wasomaji wengi wanasoma Union Version, ile ya mwaka 1952, kwa Kiswahili safi cha pwani. Ni tafsiri yenye uzuri wake na ndiyo watoto wataisikia kanisani, kwa hiyo hatushauri kuikimbia. Lakini msikilize mtoto wa miaka 7 wa Kiwira au Masoko anaposikia Marko 4:38: "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Shetri hajawahi kuisikia. Mto anaujua vizuri sana, ni ule wanakochota maji. Basi kichwani mwake Yesu amelala juu ya maji ya mto, na mashua iko pengine. Redio haimsubiri. Inaendelea na upepo na mawimbi, na mtoto amebaki nyuma akishangaa mtu anawezaje kulala juu ya mto bila kuzama. Hapo ndipo mtu mzima anapobonyeza kitufe cha kusimamisha: "Mjukuu wangu, mto huu ni ule wa kulalia kichwa. Na shetri ni nyuma ya mashua, pale anapokaa mwenye kushika usukani." Sekunde 15 tu. Kisha unarudisha nyuma kidogo, unacheza tena, na safari hii mtoto anaona: mtu amechoka, amelala, kichwa kiko kwenye mto, maji yanaingia. Kwa wale wa Kyela na Matema haihitaji hata maelezo mengi, maana wameuona upepo wa Ziwa Nyasa unavyobadilika ghafla na mitumbwi inavyokimbilia ufukweni. Waulize wao ndio waeleze.

Maneno ya namna hii yapo kila sura. Hata neno "mlango" lenyewe, ambalo Union Version inalitumia kwa maana ya sura: ukitajwa mlango wa nne, mtoto mdogo anageuka kutazama mlango wa nyumba. Kwa hiyo sikiliza kipande mwenyewe kabla, mchana au asubuhi ukiwa jikoni, ushike maneno mawili matatu yatakayokwamisha. Asiyefanya maandalizi haya ataona watoto wametulia, akadhani wameelewa.

Zipo sauti za kuigiza, zenye radi, kondoo, umati na muziki, na zipo za msomaji mmoja. Wauzaji wanazisifu za kuigiza, na kweli watoto wanazipenda. Sisi tunazipendelea kwa Injili na Matendo, kwa sababu zinamtofautisha anayesema: huyu Petro, huyu kijakazi, huyu Yesu. Kwa Zaburi na Mithali chagua msomaji mmoja. Muziki juu ya Zaburi unamwachia mtoto muziki, maneno yanapita.

Halafu kuna bati. Nyumba nyingi za huku hazina dari, na mvua ya Rungwe ikishuka juu ya bati hakuna spika ya kiganjani itakayosikika. Kuongeza sauti hadi mwisho kunaifanya ikwaruze, na spika ndogo ikikwaruzwa hivyo wiki kadhaa inapasuka. Jioni za mvua kubwa, achana nayo. Sogeza watoto karibu na moto, wasimulie kwa mdomo kipande cha jana, au waimbe. Ukiwa na Biblia ya karatasi, isome ukiwa umewainamia. Na iwapo jiko ni la kuni, usiiweke redio juu ya dari la mahindi wala karibu na mafiga: masizi yanaingia kwenye matundu ya spika na sauti inakuwa nzito, kama mtu mwenye mafua. Mswaki mkavu unatoa masizi, maji yasiiguse.

Namna ya kuitumia jioni ndilo jambo kubwa kuliko yote tuliyosema. Ibada ya nyumbani yenye watoto isizidi dakika 15, na redio isichukue zaidi ya theluthi moja. Wakati mzuri kwa familia nyingi ni mara tu baada ya ugali, kabla vyombo havijaondolewa, watu wakiwa bado wamekaa. Ukisema "tuoshe vyombo kwanza", mdogo atalala na mkubwa atatoka. Mtoto mmoja ana zamu ya kuleta redio na karatasi ya dakika. Mnaimba ubeti mmoja au mbili za wimbo wanaoujua, si mpya. Mnacheza kipande, dakika 4 au 5, mnasimama penye neno gumu. Mnazima. Kuzima kuonekane: kitufe kibonyezwe, redio iwekwe chini, pawe kimya.

Hapo anaanza mtoto, si mzazi. Mdogo kuliko wote asimulie alichosikia, kwa maneno yake, na wakubwa wasimsahihishe mpaka amalize. Kisha maswali matatu, na yasiwe ya kujibiwa ndiyo au hapana. "Yesu anatupenda, sivyo?" si swali, mtoto atasema ndiyo na mawazo yako kwingine. Uliza: wanafunzi walimwambia nini walipomwamsha? Kwa nini walisema vile? Wewe ungemwambia nini? Swali la tatu litakuletea majibu ambayo hukuyatarajia, pengine mtoto atasema angemkasirikia Yesu kwa kulala. Usimkemee. Wanafunzi wenyewe walimwuliza, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" na hakuwafukuza kwenye mashua. Mtoto anayeruhusiwa kusema hivyo mezani kwenu akiwa na miaka 9 ataleta kwenu maswali yake akiwa na miaka 16. Aliyenyamazishwa atayapeleka kwingine.

Mnamaliza kwa mstari mmoja wa kushika, unaorudiwa wiki nzima, na sala ambayo kila mtu anasema sentensi moja. Mtoto asiyetaka kuomba kwa sauti aachwe. Usimfanye aombe ili wageni wamsikie.

Desturi ya mstari mmoja ina mizizi mirefu kwa Wamoravian, ambao walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1728, kule Herrnhut Ujerumani, kiongozi wao Zinzendorf alianza kuwapa waumini wake neno fupi la siku, nalo likapelekwa nyumba kwa nyumba ili watu walibebe kazini. Tangu mwaka 1731 limekuwa likichapwa kila mwaka. Walutheri nao wana Katekisimu Ndogo, ambayo Luther aliitoa mwaka 1529, na vichwa vya sehemu zake vinasema wazi kwamba ni ya baba wa nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Haikuandikwa iwe ya mchungaji na darasa la kipaimara peke yao. Na Comenius, askofu wa Wamoravian wa karne ya 17, aliiita miaka sita ya kwanza ya mtoto shule ya mama. Tunayataja haya kwa sababu wazazi wengi wa sasa wanadhani kazi hii ni ya mwinjilisti na mwalimu wa Jumapili, na nyumbani kunahitaji kifaa tu.

Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati nne za kuongea na watoto: "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Redio inakusaidia kwenye wa kwanza. Zile tatu ni zako. Njiani kwenda shambani, mkipanda kilima mkiwa na majembe, ndipo mtoto anapouliza kwa nini mbegu nyingine hazikuota, na Marko 4 hiyohiyo ina mpanzi. Usiku kabla ya kulala, mkono juu ya paji la uso na maneno mafupi ya baraka. Asubuhi anapotoka na begi la shule, mstari wa wiki kwa sauti moja pale mlangoni. Hakuna betri inayohusika.

Umri nao uangaliwe. Chini ya miaka 5 redio haina kazi kubwa. Hao wape wimbo, sala ya sentensi moja, na kitabu cha picha. Miaka 6 hadi 10 ndio umri wake hasa. Kuanzia 11, watoto wanaoelekea kipaimara au komunyo wasome wenyewe kwa sauti, na redio iwe ya kusikiliza matamshi ya majina magumu tu. Kijana anayesikilizishwa redio kama mtoto mdogo ataona dini ni ya wadogo zake.

Kisha linakuja bweni. Watoto wengi wa nyanda za juu wanaondoka nyumbani wakiingia kidato cha kwanza, na shuleni simu haziruhusiwi, wala redio haitaenda kwenye sanduku la bati. Atakachokuwa nacho ni kile kilichoko kinywani mwake. Ndiyo sababu tunasisitiza kurudia kwa sauti kuliko kusikiliza. Zaburi 56:3 ina maneno 6: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Mtoto aliyeirudia kwa wiki nzima kila mwaka tangu darasa la pili ataipata usiku wa kwanza bwenini bila kuitafuta. Aliyeisikia kwenye redio mara 40 bila kuitamka, pengine atakumbuka sauti ya msomaji tu. Watu husikitika kwamba vijana wakimaliza kipaimara wanamaliza na kanisa. Sababu ni nyingi, ila mojawapo ni hii: walijibu maswali ya darasani na hawakuwahi kuomba kwa maneno yao wenyewe mbele ya baba na mama.

Vipi kuhusu simu? Programu ya Biblia ya YouVersion na ile ya Bible.is zinapatikana bure, na zina sauti za Kiswahili; za Bible.is unaweza kuzipakua ukazicheza bila bando. Kwa ubora wa sauti na urahisi wa kupata sura zinaishinda redio. Udhaifu wake ni kwamba simu ni ileile inayoleta ujumbe. Ukiitumia, iweke kwenye hali ya ndege kabla ya wimbo wa kwanza, uilaze kioo chini. Macho ya mtoto yakiona kioo yanangoja kitu kingine kitokee. Redio ya Biblia inashinda hapa kwa kuwa haina kioo, ingawa zenye FM na kadi inayotoka zina hatari yake: kijana wa nyumbani atachomoa kadi aweke ya muziki, na siku ya tatu kadi ya Biblia imepotea kwenye mfuko wa suruali. Bandika tundu kwa plasta.

Familia za Kikatoliki, za Tosamaganga na kwingineko, ziulize mapema kadi ina vitabu gani. Union Version ina vitabu 66. Kama mnataka Tobiti na Yoshua bin Sira msivikute, si kasoro ya kadi, ni toleo. Na kwa bibi ambaye Kiswahili cha kitabuni kinamchosha, ulizeni sauti za lugha za nyumbani. Kazi ya kutafsiri Maandiko kwa lugha za Mbeya, Njombe na jirani zake imefanyika kwa miaka mingi, na baadhi zina rekodi. Kadi ya pili yenye Kinyakyusa au Kibena, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, inamrudisha bibi katikati ya ibada.

Kwa kweli bibi ndiye tunayemwona kuwa mnunuzi halali kuliko wote. Mabibi wengi huku wanalea wajukuu. Macho hayaoni tena herufi ndogo, wengine hawakupata shule, lakini wanazijua habari zote na wanajua kuomba. Kwa nyumba kama hiyo redio inaleta maneno yalivyoandikwa, naye bibi analeta maana na maisha. Paulo anapomkumbusha Timotheo imani yake, 2 Timotheo 1:5, anamtaja kwanza bibi, Loisi, kisha mama, Eunike. Wajukuu wakikusanya fedha za zawadi ya Krismasi, hii ni zawadi nzuri, yenye vitufe vikubwa na kimoja kikiwekewa doa la rangi ya kucha ili ajue ni cha kusimamisha.

Nyumba yenye msomaji mzuri na isiyo na Biblia ya karatasi, inunue Biblia kwanza, na taa ya sola ya kusomea. Redio ije baadaye, au isije. Na nyumba ambayo wazazi wanataka kitu cha kuwafundisha watoto wakati wao hawapo, iache fedha mfukoni.

Ukiamua kununua, nenda na dakika 20. Fungua kifuniko uone betri. Chomeka chaja. Zima na kuwasha uone kama inakumbuka ilipoishia. Tafuta Marko 4, upeleke mbele mpaka mashuani, uiweke juu ya meza ya muuzaji, urudi nyuma hatua sita, palepale sokoni kwenye kelele za watu na bodaboda. Neno shetri likikufikia lote, pamoja na ile "r" yake, spika hiyo inafaa. Ukisikia "sheti", mrudishie.